UZI: Mashine ya ioni na spektrometa ya masi zikioana, mshenga ni sapresa

Mzee wa Eluenti (Kijenge, Arusha)

Wakuu salaam.

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: IC-MS (kromatografia ya ioni iliyounganishwa na spektrometa ya masi) ni mdudu gani, na kwa nini maabara wanalipisha bei ile? Mmoja ni mwanafunzi, wa pili ana kisima Maji ya Chai, wa tatu anafungasha maharage machanga ya kwenda Ulaya. Badala ya kujibu mara tatu nafungua uzi. Hizi mashine nimekaa nazo miaka kumi na moja, nimeziharibu na nimezitengeneza, kwa hiyo nitaeleza kifundi. Chai iko mezani na umeme upo, tutumie nafasi.

Chumvi ikiyeyuka majini inaachana: upande mmoja chaji chanya, upande mwingine chaji hasi. Hizo ndizo ioni. Maji yanayoshuka Meru yamebeba floraidi, kloraidi, salfeti, naitreti na wenzao. Kromatografia ya ioni inazipanga foleni. Ndani ya kolamu, yaani bomba jembamba la mashine, kuna shanga ndogo mno za resini zenye chaji chanya. Ioni hasi ikipita inavutwa, inashika, inaachia, inashika tena mbele. Kinachoziondoa ni eluenti, yaani maji yenye kemikali inayogombania nafasi kwenye resini. Siku hizi wengi tunatumia potasiamu haidroksaidi. Floraidi haina ung'ang'anizi, inatoka mapema. Kloraidi inafuata, naitreti, salfeti, fosfeti. Perkloreti yeye ni mgeni wa harusi aliyebaki ukumbini wakati viti vinakunjwa.

Mwisho wa kolamu kuna kipima upitishaji umeme. Ioni ikifika, upitishaji unapanda, unapata kilele kwenye karatasi. Ila hapo pana tatizo. Eluenti yenyewe inapitisha umeme kupita kiasi. Haidroksaidi ya milimola 30 kwa lita inakupa maelfu ya mikrosimensi kwa sentimita, na wewe unatafuta kilele cha mikrosimensi moja juu yake. Ni kutafuta mtu anayenong'ona katikati ya stendi kuu asubuhi.

Mwaka 1975 wanakemia watatu wa kampuni ya Dow Chemical ya Marekani, Hamish Small, Timothy Stevens na William Bauman, walitoa dawa ya hilo: kati ya kolamu na kipimo, weka kitu kinachozima eluenti. Ndiyo sapresa. Enzi zile ilikuwa kolamu ya pili iliyojaa resini, ikishiba unasimamisha kazi na kuifufua kwa asidi. Leo ni utando mwembamba na umeme kidogo. Maji yanapasuliwa kwenye elektrodi, ioni za haidrojeni zinapenya utando na kuingia, potasiamu inatolewa nje upande wa pili. Haidrojeni ikikutana na haidroksaidi, unapata nini? Maji. Magadi yaliyoingia yanatoka maji matupu.

Na kuna faida ya juu yake. Kloraidi iliyokuwa na sodiamu sasa inatoka na haidrojeni, na haidrojeni inabeba umeme takriban mara 7 ya sodiamu. Kelele imeshuka, sauti imepanda.

Naenda kufunga geti, nikirudi naleta spektrometa.

Chalii wa Sakina

Nimekaa mstari wa mbele na karanga zangu. Endelea mzee.

Binti Meru (mwanafunzi)

Shikamoo mzee. Mimi ndiye yule mwanafunzi 😀 Nilidhani sapresa ni ya kusafisha kelele tu. Kumbe inabadilisha kemia yenyewe.

Mzee wa Eluenti

Marahaba binti. Shika hilo la kubadilisha kemia, kwa sababu ndilo linalotuingiza kwenye spektrometa.

Kipima upitishaji hakijui majina. Kinajua muda tu: dakika ya 7 kuna kitu kimepita. Wewe ndiye unayesema "hii ni kloraidi" kwa kuwa standadi yako ya kloraidi, yaani sampuli unayoijua, nayo ilitoka dakika ya 7. Ioni nyingine ikiamua kutoka dakika hiyo hiyo, utaisajili kwa jina la mwenzake na hutajua. Niliwahi kuletewa maji yaliyokuwa yanatiririka kutoka kwenye shimo la majani ya kulishia ng'ombe. Kilele kikubwa pale pa floraidi, kila mtu anashika kichwa. Ilikuwa aseteti, asidi ya majani yaliyochacha. Hazikutengana vizuri kwenye kolamu ile.

Spektrometa ya masi inajua uzito. Inaichukua ioni, inaipitisha kati ya nondo nne zenye umeme unaobadilika, na inaruhusu tu zile zenye uwiano fulani wa masi kwa chaji. Hizo nondo ndizo kwadrupoli. Zikiwa seti mbili na chumba cha kugongeshea katikati, unachagua ioni, unaivunja kwa gesi, unachagua kipande chake. Mtu wa kwanza anakagua kitambulisho, wa pili anakagua alama za vidole.

Lakini spektrometa inafanya kazi kwenye ombwe, pasipo hewa, na sisi tunaleta maji. Daraja ni elektrosprei, kazi iliyompa John Fenn sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2002. Kimiminika kinapita kwenye sindano yenye volti elfu kadhaa, kinatoka ukungu wa matone yenye chaji, nitrojeni ya moto inakausha matone, yanapungua hadi ioni zinabaki peke yake hewani na kunyonywa ndani.

Sasa piga hesabu. Mtiririko wa mililita 0.3 kwa dakika, haidroksaidi ya milimola 30. Kwa saa moja ni miligramu 30 za potasiamu haidroksaidi. Kazi ya usiku kucha, saa 12, ni gramu 0.36. Unazinyunyizia kwenye mdomo wa mashine ya mamilioni ya shilingi, kwenye joto. Nani atasafisha?

Ndiyo maana nikasema mshenga ni sapresa. Wachumba wenyewe hawawezi kukaa nyumba moja. Mmoja anaishi kwa chumvi, mwingine chumvi inamuua. Mshenga anakaa katikati, anabakiza ioni unazozitaka kwenye maji karibu safi, na spektrometa haioni chumvi ya eluenti.

Mkulima wa Maji ya Chai

Mzee, mimi ndiye mwenye kisima. Nimeelewa nusu ila nimefurahi. Sasa nipeleke maji yangu kwenye hiyo ya ndoa au? Nataka kujua floraidi maana wajukuu wameanza kuota meno.

Mzee wa Eluenti

Hapana kaka, usipoteze hela. Hili nilitaka kulisema mapema maana watu wanadhani mashine ya bei kali ndiyo yenye jibu la kila kitu.

Floraidi ni ya mashine ya ioni ya kawaida, au hata elektrodi ya floraidi ukitumia bafa yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukanda wetu huu maji mengi yanavuka hapo, na ziwa kama Momella lina mamia. Kiasi hicho kipima upitishaji kinakiona kama unavyoona mlima asubuhi isiyo na mawingu.

Na spektrometa yenyewe floraidi inaisumbua. Uzito wake ni 19, na mashine nyingi huko chini uwezo unashuka sana. Floraidi ni atomu moja, huwezi kuivunja upate kipande cha kuthibitisha. Isotopu thabiti (atomu za jina moja zenye uzito tofauti) anayo moja tu, kwa hiyo hakuna hata pacha wa kulinganisha naye. Huo ukaguzi wa alama za vidole kwake hauwezekani.

Kwa wajukuu: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Madhara kwenye meno yanaingia wakati meno yanajengeka, kwa hiyo hao wadogo ndio wa kulindwa, wewe na mimi meno yetu yalishaamuliwa. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinasaidia, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimevifanyia kazi miaka mingi, na wewe ni jirani yao. Mkaa ukishiba hauondoi tena, unabadilishwa au unafufuliwa. Na magadi ya kulainishia makande nayo yapunguze, yana floraidi yake.

Mkulima wa Maji ya Chai

Magadi pia?! Mama watoto atanielewa kweli. Asante sana mzee, Mungu akuweke.

Chalii wa Sakina

Mzee nina swali la kijinga. Kama spektrometa inajua uzito na inavunja na kukagua, kolamu ya nini tena? Si tumwage sampuli moja kwa moja?

Mzee wa Eluenti

Chalii yangu, swali hilo wala si la kijinga.

Chukua salfeti na fosfeti. Kwenye elektrosprei hasi salfeti inaonekana kama HSO₄⁻, fosfeti kama H₂PO₄⁻. Jumlisha uzito: zote 97. Ukitaka tofauti lazima uende desimali, 96.960 na 96.970. Kwadrupoli ya kawaida haioni pengo hilo. Kolamu inazitenganisha kwa dakika nzima bila kutoa jasho.

Halafu kuna kuminywa. Matone ya elektrosprei yana nafasi ndogo ya chaji. Ukimwaga kila kitu kwa pamoja, kloraidi na salfeti zinajaza gari zima, ile ioni yako ya mikrogramu moja inaachwa kituoni. Spektrometa inakuambia haipo. Ipo, imekosa siti.

Kwa hiyo mashine ya ioni inajua muda lakini haijui uzito, spektrometa inajua uzito lakini inachanganywa na msongamano.

Kahawa Chungu (Moshi)

Nawasalimu kutoka Moshi, huku mlima hamtuibii 😂 Niongezee mfano wa kwetu. Asidi za kahawa: ya sitriki na ya isositriki. Fomula moja, uzito mmoja, ioni yake 191 zote mbili. Hata uwe na spektrometa inayosoma desimali tano, uzito ni ule ule kwa sababu atomu ni zile zile, zimepangwa tofauti tu. Kolamu nzuri ya kubadilishana ioni inakutengea. Nilihangaika nazo miezi miwili kwenye kolamu ya aina nyingine, zinatoka zimekumbatiana mwanzoni kabisa kwa sababu zinapenda maji mno. Kwa asidi hizi ndogo zenye chaji, mashine ya ioni ni nyumbani.

Mzee wa Eluenti

Umenena Kahawa Chungu. Mlima tunauona wote, ila kibali ni chenu.

Mama Kunde (kifungashio, Usa River)

Hamjambo. Mimi ni yule wa maharage machanga. Mnunuzi wetu aliturudishia karatasi imeandikwa "kloreti" na "perkloreti". Sijawahi kupulizia dawa ya jina hilo shambani. Kijana wa dawa anaapa, msimamizi anaapa, kila mtu anaapa. Imetoka wapi?

Binti Meru

Hapo nami nasubiri jibu.

Mzee wa Eluenti

Mama Kunde, pole. Yawezekana wote wanasema kweli.

Maharage mnaosha kwa maji yenye klorini, sivyo? Ile dawa ya klorini ya maji inakaa kwenye dumu. Ikikaa siku nyingi, hasa kwenye joto, haipokloraiti, yaani klorini yenyewe inayoua vijidudu, inajigeuza polepole kuwa kloreti. Ikiendelea kuzeeka inaleta na perkloreti kidogo. Kinachoua vijidudu kinapungua, mfanyakazi anaongeza dozi ili kipimo cha klorini kifike pale pale, na kila akiongeza anaongeza kloreti. Perkloreti ina mlango mwingine tena: mbolea za naitreti zinazochimbwa jangwa la Atacama kule Chile huwa nazo kiasili. Ulaya wanazifuatilia kwa sababu perkloreti inazuia tezi ya shingo kuchukua madini joto.

Swali la kwanza kwenu: madumu yanakaa wapi?

Mama Kunde

…Nyuma ya jenereta. Kwenye bati.

Chalii wa Sakina

Uwiiii

Mzee wa Eluenti

Hahaha. Hamisheni leo leo. Kivulini, pakiwa baridi, nunueni kidogo kidogo, andikeni tarehe kwenye kila dumu. Na pimeni kloreti ndani ya dumu lenyewe kabla ya kulaumu shamba.

Sasa mfano huu ndio unaoonyesha kwa nini ndoa hii ina maana, niruhusuni nitumie nafasi.

Perkloreti uzito wake ni 99. Klorini ina isotopu mbili, 35 na 37, kwa hiyo kuna na pacha wa 101. Kwa asili yule wa 99 anamzidi wa 101 kama mara 3 na ushee. Ukipata kilele muda sahihi, na uwiano wa mapacha upo sahihi, umeanza kuamini.

Lakini kuna tapeli. Salfeti ina salfa, na salfa asilimia kama 4 ni ya isotopu 34. Salfeti ya kawaida ni 97, ile yenye salfa 34 inakuwa 99. Tapeli kavaa sare ya perkloreti. Asilimia 4 ni ndogo mpaka ukumbuke kwamba salfeti ya miligramu 100 kwa lita ni mikrogramu 100,000, na wewe unatafuta perkloreti ya mikrogramu moja. Tapeli wako elfu nne na kitu kwa mmoja.

Unawazuia kwa njia tatu kwa mpigo. Kolamu inatoa salfeti mapema, perkloreti mwisho. Kuna vali kabla ya spektrometa: wakati kloraidi na salfeti zinapita unaielekeza kwenye ndoo ya taka, spektrometa inapumzika, kisha unaigeuza perkloreti inapokaribia. Na ukiwa na mashine ya kwadrupoli tatu (zile seti mbili na chumba cha kugongeshea), unaivunja perkloreti ipoteze oksijeni moja: 99 inakuwa 83, 101 inakuwa 85. Juu ya hayo unaongeza kwenye kila sampuli perkloreti ya kutengenezwa yenye oksijeni 18 zote nne. Hiyo uzito wake ni 107, inatoka kwenye kolamu pamoja na ya asili, na ikiminywa zinaminywa wote. Unalinganisha hizo mbili, mminyo unajifuta.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliandika njia ya namna hii ya maji ya kunywa, namba 332.0, mwaka 2005. Baadaye, 2009, ikaja 557 ya asidi za haloaseti (mabaki ya kutia klorini majini), brometi na dalaponi (dawa ya magugu). Brometi nayo ina mapacha, 127 na 129, karibu nusu kwa nusu, ukiwaona huwakosei. Ndiyo inayoangaliwa kwenye maji ya chupa yaliyotiwa ozoni, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea mikrogramu 10 kwa lita.

Kwenye mboga kuna ndugu wengine wa ukoo huo: glaifoseti, glufosineti, fosetili, asidi ya fosfoniki. Zote zina chaji, zote zinapenda maji, kwenye kolamu za kawaida za dawa za mimea hazishiki. Ulaya dawa isiyowekewa kiwango maalumu inahukumiwa kwa miligramu 0.01 kwa kilo. Hapo upitishaji peke yake hauna ubavu, juisi ya harage ina asidi zake nyingi mno.

Fundi Vakyumu

Mzee waambie na upande wa uchungu. Maana hapa kila kitu kinasikika kitamu.

Mzee wa Eluenti

Nilikuwa naukwepa, lakini haya.

Miaka kadhaa nyuma, maabara fulani niliyokuwa nafanya kazi, nilikuwa na njia ya kupima ambayo eluenti yake inapanda hadi milimola 20 tu. Sapresa niliiwekea miliampea 12. Kwa mililita 0.3 kwa dakika, milimola 20 zinahitaji kinadharia kama 9.7, kwa hiyo nilikuwa na ziada ndogo. Ijumaa jioni nikaleta njia mpya ya perkloreti inayopanda hadi milimola 50. Mkondo wa sapresa sikuubadilisha. Milimola 50 zinataka miliampea 24 kabla hata ya ziada. Nusu ya potasiamu ikawa inapita wazi kila eluenti ilipofika kileleni.

Hilo kosa moja. Kosa la pili ndilo linaloniuma. Kuna mtu alisema kipima upitishaji kinaongeza mgandamizo nyuma ya sapresa, nikakitoa, nikaunganisha sapresa moja kwa moja na spektrometa. Kingekuwepo ningeona mstari unapanda kama ngazi. Hakikuwepo. Sampuli arobaini, nikaenda nyumbani kula.

Jumamosi nimerudi, kilele cha kwanza kizuri, cha kumi kifupi, cha ishirini hakipo. Nikafungua mlango wa chanzo. Wakuu, ile koni ya kuingilia, ambayo tundu lake ni dogo kuliko tundu la sindano ya kushonea, imezungukwa na ukoko mweupe. Nimekulia karibu na wauza magadi, nikacheka kwa uchungu. Ukoko ulikuwa umekua duara duara, wa nje mnene kama ganda la yai, katikati nyufa. Nikagusa kwa kijiti cha pamba kilicholowa maji, ukayeyuka taratibu na kuteleza kama sabuni. Haidroksaidi. Maji kwanza, kisha maji na metanoli nusu kwa nusu, kisha mawimbi ya sauti dakika kumi, mara tatu. Pete ya mpira iliyo chini yake ilikuwa imechanika. Siku nne mashine chini, na bosi alikuwa anapita mlangoni kwangu bila kusalimia.

Tangu hapo kipima upitishaji kinakaa kati ya sapresa na spektrometa, mtu asiniguse. Kikivuka mikrosimensi chache, vali inageukia taka yenyewe.

Fundi Vakyumu

Amina. Nami niongeze la umeme maana ni la kwetu.

Umeme ukikatika, pampu ya turbo inazunguka ikipungua, ombwe linapotea. Hiyo ukiwa na betri ya akiba unavuka, ikizidi dakika za betri unaizima kistaarabu. Hatari niliyoiona mimi mara nyingi ni umeme *unaporudi*. Pampu ya eluenti imewekewa kuanza yenyewe, sapresa haikuwashwa, bomba linaelekea spektrometa. Una haidroksaidi kamili inaingia kwenye chanzo na wewe uko Njiro unakula nyama choma. Zima kuanza-yenyewe. Utaratibu wangu: vali kwenye taka, pampu ianze, sapresa iwashwe baada ya maji kutembea, subiri mstari wa upitishaji utulie chini, ndipo vali igeuke.

La pili ni nitrojeni. Spektrometa inakunywa nitrojeni mchana na usiku. Mitungi itakufilisi, tafuta jenereta ya nitrojeni, na kikompresa chake mwage maji kila asubuhi.

Binti Meru

Naomba kuuliza mawili. Kwanza, sapresa inasemekana inatumia maji yale yale yanayotoka kwenye kipimo ili kujifufua. Kama tunayapeleka kwenye spektrometa, yanarudije? Pili, nimesoma sehemu wanaongeza asetonitrili baada ya sapresa. Kwa nini wasiweke mapema?

Mzee wa Eluenti

Binti unasoma kweli.

La kwanza: hayarudi. Kwenye IC-MS unailisha sapresa maji ya nje, chupa ya maji safi yenye gesi ya kusukuma au pampu ndogo. Maji hayo yawe ya megaomu-sentimita 18.2, yaani karibu hayana ioni, yakiwa machafu uchafu unapenya. Chupa ikiisha usiku, sapresa inakauka na utando unakufa. Weka kubwa.

La pili: maji matupu yana mvutano mkubwa wa uso, matone hayapasuki kirahisi kwenye elektrosprei. Ukiongeza metanoli au asetonitrili kwa kiungo cha njia tatu, matone yanakuwa madogo na kukauka upesi, ishara inapanda. Unaongeza baada ya sapresa na kipimo kwa sababu sapresa nyingi za umeme hazipendi viyeyushi vya kaboni, umeme unavivunja na kuvigeuza vitu vingine vyenye chaji. Na kila unachoongeza mbele kinaleta mgandamizo nyuma kwenye utando. Bomba fupi, lisiwe jembamba kupita kiasi. Utando ukipasuka hutasikia kishindo, utaona tu unyevu pembeni na mstari unaokuja na kwenda.

Tumia kolamu ya kipenyo cha milimita 2 pia, si 4. Ile ya 4 inataka mililita 1 kwa dakika, elektrosprei inazama.

Mama Kunde

Narudi. Tumepima lile dumu la nyuma ya jenereta na dumu jipya lililofika juzi, maabara ile ile. La zamani kloreti imezidi jipya mara nyingi mno, hata kijana wa maabara alirudia akidhani amekosea kupunguza. Kijana wa dawa nimemuomba radhi mbele ya wenzake na soda juu. Madumu yapo stoo ya ndani sasa, tarehe kwa peni nyekundu.

Chalii wa Sakina

Soda tu mama? Mtu kasingiziwa wiki mbili, mpe na nusu siku.

Kahawa Chungu

Mzee, Alhamisi napanda Arusha. Nikija na kahawa yangu sampuli sita, utanikubalia tuzipitishe?

Mzee wa Eluenti

Karibu sana, lakini usiniletee kama ya kunywa. Ipunguze mara mia kwa maji safi, ichuje kwa kichujio cha mikroni 0.2, kisha ipitishe kwenye katriji ya kuondoa mafuta na rangi, la sivyo kolamu yangu itakuwa ya kahawia kuliko meno yangu. Vichupa vya plastiki, si vya kioo, na usivioshe kwa sabuni. Na ya kunywa ilete pembeni, ya kusaga.

Kahawa Chungu

Imeshasagwa.